Kumpeleka mgonjwa India na hujui lugha yao: ya kupanga kabla hujatoka Lamu ama Malindi

Sisi watu wa Malindi tuna kiburi kidogo cha lugha, tuseme ukweli. Kijana hata shule hajamaliza lakini pale ufuoni anaongea Kiitaliano utadhani kazaliwa Roma, na wenzetu wa Lamu nao wana Kiarabu chao cha madrasa na mjomba aliyekaa Muscat, ambako kweli ukizunguka sokoni hukosi mzee wa kukujibu kwa Kiswahili. Basi mtu akipata safari ya kumpeleka mamake India anajiambia lugha si neno, Kiingereza kidogo ninacho, na Kihindi nakisikia kwenye filamu tangu utotoni. Halafu anashuka Chennai. Chennai watu wanaongea Kitamil, na maandishi yake hata uyageuze vipi hutoki na herufi moja. Hyderabad ni Kitelugu na Kiurdu, Bengaluru ni Kikannada, Mumbai Kimarathi na Kihindi, Delhi ndo utakutana na Kihindi chenyewe. Kwa hivo jambo la kwanza ni kujua unaenda mji gani na watu wa mji ule wanaongea nini. Ukiuliza tu "India wanaongea nini" hilo swali halina jibu.

Watu watakwambia usijali, madaktari wote wanajua Kiingereza. Ni kweli, wanajua. Lakini wewe na daktari mnaonana dakika kumi kwa siku, masaa mengine yote uko na mlinzi wa geti, nesi wa zamu ya usiku, dereva, muuza dawa, mama anayefagia wodi, na hao ndo utakaowahitaji mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku. Na lugha yao huwezi kuisoma ikaingia kwa wiki mbili, usijidanganye. Unachoweza ni kupanga mambo kiasi kwamba mtu asiyeelewa neno lako hata moja aweze kukusaidia. Yaani kila kitu muhimu kiwe kimeandikwa mahali, na kiwe mfukoni, kisitegemee mdomo wako.

Anza na kadi. Karatasi ngumu ya ukubwa wa kitambulisho, ichapishe pale saiba unakolipia mambo ya eCitizen, iwekee plastiki, na kila mmoja awe na yake, mgonjwa na msindikizaji. Upande mmoja andika kwa Kiingereza jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na mwezi uuandike kwa maneno (maana 5/8 kwa mwingine ni Agosti kwa mwingine ni Mei), ugonjwa, dawa anazokunywa, dawa asizopatana nazo, kundi la damu kama limepimwa, na namba mbili za simu, ya msindikizaji na ya mtu wa nyumbani ikianza na +254. Upande wa pili uache wazi. Ukifika lodji siku ya kwanza, kabla hata hujalala, mpe kijana wa kaunta akuandikie kwa lugha yao jina la lodji, mtaa, na hospitali mnayoenda. Hapo sasa hata mama akipotea akienda kununua maji, anamuonesha mtu yeyote ile kadi na anarudishwa. Iwe mfukoni ama imefungwa kwenye kanga, isikae kwenye mkoba, mkoba huibiwa na husahaulika.

Nimesema jina kama la pasipoti na nasisitiza. Huku kwetu mtu ana majina mengi, kuna la babu, kuna bin na binti, kuna Mohamed iliyoandikwa na o na Muhammad iliyoandikwa na u, na nyumbani wote wanamjua kama Bi Shee. Kule faili la hospitali, viza, tiketi, barua ya daktari wa Kenya na pesa unazotumiwa, vyote vinasoma jina, na herufi moja ikitofautiana unarudishwa kaunta na hujui hata umerudishwa kwa nini. Kaa chini na karatasi zako zote siku moja, zilaze mezani, linganisha. Kama barua ya rufaa ina jina la nyumbani, rudi hospitali wakuandikie nyengine wakati bado uko hapa, ni safari ya tuktuk tu.

Sasa simu. Google Translate sote tunaijua lakini wengi huitumia vibaya. Kwanza shusha lugha kabisa ukiwa na wai-fai ya nyumbani, Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ule mji, ifanye kazi bila bando, kwa sababu kupata laini ya simu India si kama hapa, mgeni anatakiwa pasipoti, viza na picha na bado laini inaweza kukaa kabla ijaamka. Pili, andika kama unamwandikia mwalimu. Mashine inajua Kiswahili cha shuleni, haijui Kiamu. Bibi wa Lamu akisema "kitwa chaniuma na mato yaona kiza", wewe andika "kichwa kinaniuma na macho yanaona giza", na uvunje vipande vifupi, jambo moja sentensi moja nukta. Usitie methali, usitie "si unajua", usitie ule mzaha wetu. Tatu, Kiswahili hakisemi kama mtu ni mume ama mke, kwa hivo ukiandika "anatapika" mashine itachagua yenyewe, na mara nyingi mama yako anageuzwa mwanamume na nesi anaanza kukuuliza ni mgonjwa yupi huyo. Andika "mama yangu anatapika", kila mara, hata kama inachosha. Nne, ukishapata tafsiri igeuze irudi Kiswahili uisome kabla hujamuonesha mtu. Ikirudi imeharibika, badilisha maneno, usimuoneshe.

Kuna sentensi kama kumi ambazo utazihitaji kila siku (anaumwa hapa, anahisi baridi, amekunywa dawa saa fulani, hajaenda haja tangu jana, tunataka maji ya moto, daktari anakuja lini). Hizo zitafsiri mapema, piga skrinshoti, ziweke kwenye albamu moja. Saa nane za usiku mkono unatetemeka, hakuna mtu anayeandika vizuri.

Saa zenyewe ni mtego mkubwa kuliko lugha, na hapa nataka tukae kidogo. Mgonjwa wetu akiambiwa kwa Kiingereza "saa nane" yeye kichwani anajua ni mchana baada ya chakula, kumbe wale wanamaanisha saa mbili asubuhi. Hiyo unakosa tu kuonana na daktari. Lakini kabla ya upasuaji wanasema mgonjwa asile wala asinywe kuanzia "kumi na mbili", wanamaanisha usiku wa manane, na mtu wetu anaelewa saa kumi na mbili, magharibi ama alfajiri, sasa akielewa alfajiri anakunywa chai yake usiku vizuri na asubuhi upasuaji unaahirishwa, au mbaya zaidi hawagundui. Mashine nayo haina msimamo, leo itakugeuzia saa mbili kuwa nane, kesho itaiacha mbili. Kwa hivo amri ni moja: saa yoyote unayoambiwa, mwambie aliyekwambia aiandike kwa tarakimu, 08:00 ama 20:00, halafu wewe umwambie mzee kwa swala, kabla ya alfajiri, baada ya adhuhuri, hapo hapotei. Na kumbuka India iko mbele yetu masaa mawili na nusu, ile nusu inawachanganya watu, adhuhuri ya saa 12:30 Malindi kule ishafika 15:00.

Dawa je. Karatasi ya dawa ya India mara nyingi imeandikwa 1-0-1, hiyo si namba ya simu, maana yake kidonge kimoja asubuhi, mchana hakuna, kimoja usiku. 1-1-1 ni mara tatu. Huku tumezoea 1x2 na 1x3 kwa hivo mtu anaona ajabu. Ukiona wameandika SOS pembeni ya dawa usishtuke, maana yake inywewe ikihitajika tu, kama ya maumivu. Na majina, ile dawa ya presha unayoijua kwa jina la pakiti hapa Kenya huenda kule haipo kabisa, lakini jina la dawa yenyewe ni lile lile dunia nzima ama karibu, amlodipine ni amlodipine, metformin ni metformin. Litafute kwa maandishi madogo chini ya jina kubwa la pakiti, lipige picha, hilo ndo la kumuonesha mfamasia. Paracetamol ni mojawapo ya chache zenye majina mawili, Marekani wanaiita acetaminophen. Na kama mnapitia Dubai na mtatoka nje ya uwanja, dawa zenye codeine ama tramadol uliza kwanza, wale hawacheki na hilo. Miraa na muguka usiniulize, acha nyumbani, hata Uingereza waliipiga marufuku tangu 2014.

Mkalimani. Hospitali kubwa zinazopokea wageni zina dawati la wagonjwa wanaotoka nchi nyengine na baadhi wana mkalimani wa Kiarabu, mara nyengine hata wa Kiswahili, uliza kwa baruapepe kabla hujalipa chochote na waambie wakujibu kwa maandishi ni wa bure ama wa kulipia. Yule kijana anayekufuata barabarani anakwambia "my friend, mimi najua Kiswahili, nitakupeleka kwa daktari mzuri", huyo sisi wa Malindi tunamjua vizuri, ni ndugu wa wale wetu wa ufuoni. Anakula kamisheni. Kwa mambo ya kawaida mtumie ukitaka, lakini siku daktari anatoa majibu mazito usimtegemee yeye, wala usimfanye mtoto wa mgonjwa awe mkalimani, nimeona mtoto anameza nusu ya habari kwa huruma na mgonjwa anatia sahihi kitu asichokijua. Mwambie daktari aandike ugonjwa na anachotaka kufanya, piga picha, tuma kwa nesi ama daktari unayemwamini nyumbani, mkishaelewa ndo mtie sahihi. Na kila mkiambiwa maelekezo, wewe yarudie kwa maneno yako mbele yake hata kwa Kiingereza cha kuvunjika, akikurekebisha umeshinda.

Jengine dogo lakini linakera watu: wahindi wengi wakikubali wanatikisa kichwa upande huu na upande huu, taratibu kama wanakipima. Kwetu hiyo ni kama hapana ama "sijui". Pale ni sawa, nimeelewa, ndio. Usiondoke kaunta umekasirika, umeshahudumiwa.

Bili nayo ina mwandiko wake. Utaona 2,50,000 udhani wamekosea mkato. Hawajakosea, wanahesabu kwa laki kama wazee wetu wa biashara, ile ni laki mbili na nusu za rupia. Soma kwa laki hutapotea. Omba makadirio kwa maandishi kabla ya kulazwa, na uulize kinachobaki nje (dawa, damu, siku za ICU), maana mtu husikia bei ya "paketi", yaani bei moja ya jumla, akadhani imemaliza. Kisha weka pesa za ziada ambazo hazimo kwenye mpango wowote, za kukaa wiki mbili zaidi mkiambiwa kidonda hakijafunga. Pesa hizo zisikae zote kwa kadi moja. Na laini yako ya Kenya ifungulie rominga kabla hujaondoka na uijaribu, kwa sababu benki ikituma zile namba za siri kwa meseji na laini imelala, kadi yako ni plastiki tu. Usiitoe kwenye simu, laini ya India iweke nafasi ya pili.

Usafiri kule si mgumu, tuktuk ni zile zile zetu, wao wanasema oto, na bei ya mgeni ni ile ile bei ya mgeni. Ola na Uber, zile app za kuita gari, zinakuondolea mazungumzo kabisa, unaweka unakoenda na bei iko hapo, dereva atakuuliza tarakimu nne zilizo kwenye simu yako, muoneshe skrini basi. Akipiga simu anabwatuka Kitamil, mpe mlinzi wa geti aongee naye.

Njiani kabla ya kufika ndo kuna mambo mengi. Wa Lamu, tafadhali, usifunge boti ya Mokowe, basi na ndege ya kimataifa kwa siku moja. Bahari ya kusi unaijua, na barabara ya kutokea Lamu hadi Garsen kuna nyakati mabasi hungoja polisi wa kusindikiza. Lala Malindi ama Mombasa usiku mmoja, mgonjwa apumzike. Wakati wa kukata tiketi omba kiti cha magurudumu hata kama mgonjwa anatembea, angalau siku mbili kabla, huduma yenyewe mashirika mengi hayatozi. Si kwa ajili ya miguu, ni kwa ajili ya lugha: Addis, Doha ama Dubai kuna mtu wa kazi anayekuja kukuchukua mlangoni kwa ndege na kukusukuma hadi geti lengine, husomi bao, husikilizi matangazo, na msindikizaji anafuata nyuma. Mkiwa Dubai simu za WhatsApp huwa hazipiti lakini meseji za sauti zinapita, waambie nyumbani mapema wasianze kulia.

Kadi ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya kwenda India, na sindano inatakiwa iwe imepigwa siku 10 kabla ya kufika, si jana yake. Usipokuwa nayo wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6, na mgonjwa wako hana siku 6. Ukishaichoma ni ya maisha, sheria ilibadilika 2016, kwa hivo kama ulisafiri zamani itafute kabatini. Mgonjwa ambaye daktari amesema asichomwe, apewe barua rasmi ya kusema hivo. Viza iwe ya matibabu, na kuna ya wasindikizaji, wawili kwa mgonjwa mmoja. Wawili wakiwezekana ni bora sana, mmoja analala hospitali mmoja anazunguka.

Pasipoti ikipotea: polisi kwanza upate ripoti, halafu ubalozi wa Kenya ambao uko New Delhi, na ukiwa Chennai huo ni mwendo wa ndege, si wa oto. Ukipata hati ya dharura bado huondoki hivi hivi, kuna ofisi ya wageni wanaiita FRRO inabidi ikupe ruhusa ya kutoka, maana ile hati mpya haina viza. Hesabu siku kadhaa, pengine zaidi. Ndo maana nasema kopi za pasipoti na viza ziwe tatu, moja kwa msindikizaji, moja kwenye baruapepe, moja nyumbani. Lodji wakichukua pasipoti kuipiga kopi usipigane nao, wanatakiwa kuripoti kila mgeni, ila simama hapo hapo urudishiwe.

Kwa wale ambao safari yao si India, mambo ni yale yale na tofauti ndogo. Italia mwenyeji wako akikulaza kwake anatakiwa aripoti ndani ya masaa 48, mkumbushe, bima ya viza isipungue euro 30,000, na tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, Kiitaliano cha ufuoni hakikufunzi hayo. Guangzhou, kule China, WhatsApp na Google za laini ya kule hazifanyi kazi, kila kitu kishushe ukiwa hapa, kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kichina isitoke mfukoni, na bei zote ni kwa kikokotoo. Namba ya dharura Ulaya ni 112, India pia 112, Uturuki pia. China polisi ni 110 na ambulensi 120.

La mwisho ni mtu wa nyumbani. Chagua mmoja, si grupu la familia lenye watu arobaini wanaotuma dua na maswali. Mmoja tu, mwenye kopi zote, anayejua Kiingereza cha kutosha kuongea na hospitali, simu yake haizimwi usiku, na wengine wote wanamuuliza yeye. Mkubaliane saa ya kuongea kila siku, na mkubaliane kwamba masaa 24 yakipita kimya anaanza kupiga lodji, halafu hospitali, halafu ubalozi, kwa mpangilio huo. Na kabla hamjaondoka, wakubwa wa nyumba wakae na mgonjwa mwenyewe kama ana nguvu, waulizane lile ambalo hakuna anayetaka kulitaja: Mungu akipenda vyengine, azikwe huko huko ama arudishwe. Kurudisha maiti kuna karatasi za hospitali, polisi, ubalozi na ndege, kunachukua siku na pesa nyingi, na waislamu wengi wa kwetu huchagua azikwe pale alipo. Jibu lolote watakalotoa liandikwe, litiwe sahihi, akae nalo yule mtu mmoja, msindikizaji asije kuulizwa peke yake kwenye korido, kwa lugha asiyoijua.

Tiketi ya kurudi nunua ile inayokubali kubadilishwa tarehe, hata kama imezidi bei kidogo.